Mbolea ya mwani kwa kunde, choroko, mbaazi na mazao mengine ya mikunde: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika vijiji vingi vya pwani ya Afrika Mashariki, na zaidi katika visiwa vya Unguja na Pemba, mwani uliotupwa na bahari na shamba la kunde hutenganishwa na mwendo mfupi wa miguu, lakini ni wakulima wachache wanaoupeleka mmoja kwa mwenzake. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya mkulima mdogo anayetaka kujaribu mwani katika mikunde yake bila kuharibu udongo, na bila kutarajia kutoka baharini kile ambacho bahari haina.

Tunaposema mwani, tunamaanisha nini hasa?

Watu wa pwani huita mwani karibu kila jani linalotoka baharini, lakini kwa kazi ya mbolea inafaa kutenganisha vitu viwili. Mwani wenyewe ni mmea wa bahari usio na mizizi ya kweli wala maua, nao hunyonya chakula chake moja kwa moja kutoka majini kwa mwili wake wote. Katika kundi hili wamo mwani mwekundu unaolimwa kwa kamba, yaani ule unaojulikana kwa majina ya biashara ya spinosamu na kotonii, mwani wa kahawia kama sargasamu, na mwani wa kijani ulio laini mfano wa jani la saladi. Kitu cha pili ni nyasi bahari, ambazo zina mizizi, mashina na maua kama nyasi za nchi kavu. Nyingi kati ya zile chungu zinazojaa ufukweni wakati wa kusi ni nyasi bahari zilizochanganyika na mwani kidogo. Nyasi hizo si mbaya, ila huoza polepole sana kwa kuwa zina nyuzi ngumu, na zinafaa zaidi kutandazwa juu ya udongo kuliko kutengenezewa mbolea ya haraka.

Mikunde hujitengenezea nitrojeni. Kwa nini basi iwekewe mbolea?

Ni kweli kwamba kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe, karanga na soya hushirikiana na bakteria waitwao rizobia, ambao huishi ndani ya vinundu vya mizizi na kuigeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Lakini kazi hiyo ina gharama zake. Bakteria hulipwa kwa sukari inayotengenezwa na majani, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hakiwezi kuundwa bila chuma na molibdenamu. Rizobia wenyewe huhitaji kobalti kidogo, na shughuli nzima hutumia fosforasi nyingi kuliko wakulima wengi wanavyodhani. Mmea ukikosa vitu hivyo, utavikuta vinundu vichache, vidogo na vyeupe au vya kijani ndani, badala ya rangi ya waridi inayoonyesha kwamba kazi inaendelea.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi vya kutosha. Mikunde ikipewa nitrojeni nyingi kutoka nje, hupunguza kuunda vinundu, kwa sababu mmea hauna haja ya kuwalipa bakteria kwa kitu ambacho tayari umekipata bure. Majani hunawiri na maganda huwa machache. Ndiyo maana mbolea yenye nitrojeni kidogo, ambayo kwa mahindi ingekuwa dosari, kwa kunde yaweza kuwa sifa.

Mwani una nini ndani yake, na hauna nini?

Mwani mbichi ni maji kwa sehemu kubwa sana, kwa kawaida kati ya asilimia 80 na 90. Chukua mfano wa kilo 1,000 za mwani mbichi wenye maji asilimia 90: ukishakauka unabaki na kilo 100, na ikiwa mwani huo mkavu una nitrojeni asilimia 1.5, basi tani nzima uliyoibeba kichwani imekupa kilo moja na nusu tu ya nitrojeni. Fosforasi huwa chini zaidi ya hapo. Anayetafuta virutubisho hivyo viwili kwenye mwani anajichosha bure, na ni afadhali aambiwe hivyo mapema.

Utajiri wa mwani uko kwingine. Una potasiamu nyingi, hasa kotonii, ambayo hukusanya potasiamu mwilini kuliko sodiamu. Una madini madogo madogo ambayo bahari imeyayeyusha kwa mamilioni ya miaka na ambayo udongo wa kichanga hukosa. Una utomvu mzito, karajinani katika mwani mwekundu na aljini katika mwani wa kahawia, ambao ukiingia udongoni husaidia kushikanisha chembe za mchanga na kuhifadhi unyevu. Tena una viasili vya kuamsha ukuaji, kama saitokinini na oksini, pamoja na betaini inayousaidia mmea kustahimili ukame na chumvi. Viasili hivi vipo kwa kiasi kidogo mno, lakini mmea huvihitaji kwa kiasi hicho hicho kidogo, na ndivyo vinavyoeleza kwa nini maji ya mwani yaliyochanganywa sana bado huonyesha matokeo shambani.

Je, upo ushahidi kwamba mikunde huitikia mwani?

Upo. Nchini India, ambako kotonii hulimwa na kukamuliwa ili kupata utomvu wa kunyunyizia mazao, watafiti walichapisha mwaka 2009 matokeo ya jaribio la soya katika shamba linalotegemea mvua. Soya iliyonyunyiziwa mchanganyiko wenye asilimia 15 ya utomvu ilitoa mavuno yaliyozidi kwa asilimia 57 yale ya soya iliyonyunyiziwa maji matupu, na asilimia 12.5 ya utomvu ilileta ongezeko la asilimia 46. Ni matokeo ya kutia moyo, na spishi iliyotumika ni ile ile inayolimwa katika pwani yetu.

Hata hivyo, ninamsihi msomaji asiichukue asilimia 57 kama ahadi. Udongo, mvua na mbegu za jaribio lile si vyako, na mbolea ya aina hii huonekana zaidi mahali ambapo mmea ulikuwa umebanwa na upungufu au ukame. Katika shamba lililokwisha kupata samadi ya kutosha na mvua nzuri, tofauti yaweza kuwa ndogo.

Chumvi ya bahari haitaua mazao?

Inaweza, na hili ndilo swali ninalotaka lisomwe mara mbili. Mikunde haistahimili chumvi kwa kiwango kimoja. Kwa vipimo vinavyotumika katika elimu ya udongo, maharage huanza kupoteza mavuno pindi chumvi ya udongo inapofika desisimensi 1 tu kwa mita, karanga huanza kwenye 3.2, kunde karibu 4.9, na soya kwenye 5. Maana yake ni kwamba jirani anaweza kuweka mwani usiooshwa kwenye kunde zake na asione dhara lolote, kisha wewe ukaiga jambo hilo hilo kwenye maharage ukaona kingo za majani zikiungua ndani ya siku chache. Mimi mwenyewe nilipoteza matuta mawili ya maharage kwa njia hiyo, kwa kuwa niliona uvivu kuosha mzigo mmoja, na mvua nilizozitegemea zikachelewa.

Njia ya kuepuka ni rahisi. Suuza mwani kwa maji baridi ukiwa bado mbichi, mara mbili, kwa dakika chache kila mara, kisha uache utiririke. Usiuloweke usiku kucha, wala usiukaushe kwanza ndipo uuoshe, kwa sababu seli zake zikishapasuka potasiamu nayo hutoka pamoja na chumvi, na utabaki umeosha mbolea yenyewe. Pale ambapo maji ya kisima ni ya shida, tandaza mwani kwenye mteremko nje ya shamba mwanzoni mwa masika, mvua mbili tatu kubwa ziupitie. Sehemu yenye ukame, ambako mvua haitoshi kusukuma chumvi chini ya mizizi, afadhali mwani uingie shambani kwa njia ya mboji tu, tena kidogo.

Mboji ya mwani hutengenezwaje?

Mwani peke yake ukirundikwa hugeuka uji wenye uvundo, kwani una maji mengi na hauna kitu kigumu cha kupitisha hewa. Uchanganye na vitu vikavu: majani makavu ya mwembe au mkorosho, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, au nyasi bahari zilizokwisha kukauka. Kipimo kinachofaa ni sehemu moja ya mwani kwa sehemu mbili hadi tatu za vitu vikavu, pamoja na samadi ya ng'ombe au mbuzi kama ipo, kwa sababu samadi ndiyo inayoleta fosforasi ambayo mwani hauna. Panga kwa tabaka katika lundo la kama mita moja kwenda juu na mita moja upana, mahali penye kivuli, na ulifunike kwa makuti ili jua lisilikaushe wala mvua kubwa isilisombe. Toa vipande vyote vya kamba za plastiki kabla ya kuanza, kwa sababu mwani wa shambani huja navyo na havitaoza katika maisha yako.

Geuza lundo kila baada ya wiki mbili. Kwa joto la pwani, mboji hukomaa kwa wiki nane hadi kumi na mbili, ikiwa nyeusi, inayomeng'enyeka mkononi na yenye harufu ya udongo wa msituni badala ya harufu ya ufuo. Wakati wa kupanda, viganja viwili kwa kila shimo la kunde au mbaazi vinatosha, vichanganywe na udongo ili mbegu isikae juu ya mboji moja kwa moja.

Nitajuaje kwamba mboji yangu haina chumvi ya kudhuru, nami sina kipimo?

Tumia mbegu. Chukua vikopo viwili vilivyotobolewa chini, kimoja ukijaze udongo wa kawaida wa shamba lako, cha pili ukijaze mchanganyiko wa udongo huo na mboji nusu kwa nusu. Panda mbegu kumi za maharage katika kila kikopo, kwa sababu maharage ndiyo yanayolalamika mapema kuliko mikunde mingine yote, na umwagilie sawasawa. Baada ya siku kumi hesabu zilizoota na utazame majani. Kama kikopo cha mboji kimebaki nyuma kwa mbegu tatu au nne, au majani ya kwanza yana kingo za kahawia, iache mboji ipitiwe na mvua nyingine kabla ya kuitumia.

Na mbolea ya maji je?

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya kukamua: kotonii mbichi iliyosuuzwa husagwa au kutwangwa katika kinu, kisha huchujwa kwa kitambaa, na utomvu unaotoka ndio unaotumika. Kwa bomba la kunyunyizia la lita 20, lita moja ya utomvu katika lita 19 za maji ni asilimia 5, na lita tatu katika lita 17 ni asilimia 15. Anza na ile ya asilimia 5. Utomvu haukai muda mrefu bila kuchacha, hivyo kamua kiasi cha kutumia siku hiyo au kesho yake.

Ya pili ni ya kulowekea, ambayo hufaa mwani wa aina yoyote. Kilo moja ya mwani mbichi uliosuuzwa huwekwa katika ndoo yenye lita 10 za maji baridi, hufunikwa kwa kitambaa au kifuniko kisichobana, na kukorogwa kila siku mbili kwa muda wa wiki tatu au nne. Maji hayo huchujwa na kuchanganywa sehemu moja kwa sehemu kumi za maji. Usifunge ndoo kwa nguvu wala usiiweke ndani ya nyumba au katika banda lisilo na hewa. Mwani unaooza pasipo hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, na gesi hiyo ikikusanyika si kero tu: mwezi wa Julai mwaka 2009, katika ufuo wa Saint-Michel-en-Grève nchini Ufaransa, farasi alikufa kwa kuvuta gesi iliyotoka katika marundo ya mwani wa kijani uliokuwa ukioza.

Ninyunyizie lini na mara ngapi?

Mara mbili au tatu katika msimu zinatosha: mmea unapokuwa na majani kamili manne hadi sita, tena maua ya kwanza yanapoanza, na kama kuna ukame, mara moja zaidi maganda yanapojaa. Nyunyiza asubuhi mapema au jioni, ili majani yapate muda wa kunyonya kabla ya jua kali. Kwa kunde zinazochumwa majani kwa mboga, chuma kwanza ndipo unyunyizie, na mchumo unaofuata uoshwe vizuri kabla ya kuingia jikoni.

Je, karanga na njugu mawe nazo zinakubali?

Zinakubali, kwa tahadhari ambayo mikunde mingine haihitaji. Karanga hutoa vikonyo vinavyoingia ardhini baada ya maua, na ganda linalokua humo hunyonya kalisi moja kwa moja kutoka katika udongo unaolizunguka. Potasiamu ikizidi katika tabaka hilo hushindana na kalisi, na mkulima huvuna maganda makubwa yaliyo matupu. Kwa hiyo mboji ya mwani ya karanga ichanganywe na udongo mapema, wakati wa kulima, na isirundikwe juu ya tuta wakati wa kupalilia. Tahadhari hii ina uzito zaidi katika kichanga kuliko katika ardhi ya mawe ya matumbawe, ambayo ina kalisi tele. Njugu mawe nazo hukomaa ndani ya ardhi, na ningezitendea vivyo hivyo.

Udongo wangu ni wa maweni. Wa ndugu yangu ni kichanga. Tutumie sawa?

Hapana. Kichanga hakishiki maji wala chakula, na hapo mboji ya mwani huleta faida kubwa kuliko maji ya kunyunyizia, kwa sababu kinachokosekana zaidi ni kitu cha kushikilia. Potasiamu iliyomo katika mbolea ya maji hupita mchangani na kwenda zake kwa mvua moja.

Maweni ni jambo jingine. Udongo unaopatikana kati ya mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huifunga chuma na zinki kiasi kwamba mmea hauwezi kuzichukua ingawa zimo. Majani machanga ya kunde au choroko hugeuka manjano huku vishipa vikibaki kijani. Hapa kunyunyizia majani ndiyo njia ya busara, kwa kuwa madini madogo huingia mmeani bila kupitia udongo unaoyafunga. Kinongo, ule udongo mwekundu wenye rutuba zaidi, hupokea njia zote mbili.

Kuhusu fosforasi, kila mmoja wenu aitafute nje ya mwani. Mbolea ya mwamba wa fosfati kutoka Minjingu, mkoani Manyara, huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali, hivyo yaweza kumfaa mwenye udongo wa namna hiyo. Katika maweni haitayeyuka kwa kiasi cha maana, na samadi iliyooza au mbolea ya TSP (mbolea ya kiwandani yenye fosforasi inayoyeyuka kwa urahisi) itafanya kazi zaidi. Na shamba ambalo halijawahi kuoteshwa soya huhitaji mbegu zipakwe bakteria wa rizobia wanaofaa soya kabla ya kupandwa, kwani mwani hauleti bakteria hao hata kidogo.

Mwani hufukuza vidukari na inzi wa maharage?

Hapana. Mmea wenye afya hustahimili zaidi, basi. Shamba likivamiwa, shughulikia wadudu kwa njia zake.

Nikusanye kiasi gani ufukweni?

Kusanya kidogo kuliko unavyoweza kubeba. Mwani na nyasi bahari zilizotupwa na maji huzuia mchanga usichukuliwe na mawimbi, na ndani yake huishi wadudu na kaa wadogo ambao ndege wa pwani huwala. Chukua ulio mpya, wa mstari wa maji ya bamvua, kwa mkono au reki ya mbao, ukiacha angalau nusu mahali pake. Usiguse sehemu ya juu ya ufuo ambako kasa hutaga, na usikate kamwe mwani wala nyasi bahari zilizo hai majini, kwa sababu huko ndiko samaki wadogo wanakokulia. Ndani ya hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, kuchukua chochote hakuruhusiwi. Epuka pia fukwe zilizo karibu na bandari na mifereji ya maji machafu, kwa kuwa mwani hunyonya metali nzito kwa wepesi ule ule unaonyonya madini mazuri.

Basi ni wapi nipate mwani wa kutosha bila kuumiza ufuo?

Kwa wakulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na leo kina wakulima zaidi ya 20,000 visiwani, wengi wao wanawake. Mwani mkavu husafirishwa nje kwa ajili ya karajinani, kwa bei ambayo mkulima hana sauti nayo. Kila bamvua hubaki vipande vilivyokatika, vilivyopauka kwa joto la maji au vilivyoota uchafu, ambavyo mnunuzi huvikataa. Vipande hivyo ni mbolea nzuri kabisa. Ninasisitiza kwamba ni mali ya aliyevilima: kikundi cha wakulima wa mboga kinachovihitaji kivinunue, hata kwa bei ndogo kwa ndoo, au kibadilishane kwa kunde na choroko wakati wa mavuno. Si haki kazi ya mwanamke aliyesimama majini tangu asubuhi ichukuliwe bure kwa kuwa tu mnunuzi wa mwanzo aliikataa.

Ninaishi karibu na Ziwa Victoria. Ule ukijani wa majini unafaa?

Usiutumie. Ukijani unaotanda katika ghuba ya Kisumu na kwingineko ziwani mara nyingi ni wa bakteria wa kijani-buluu, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini la mtu na mnyama. Sumu hiyo yaweza kubaki katika majani ya mboga yaliyonyunyiziwa maji hayo. Gugu maji ni mmea tofauti kabisa, si mwani, nalo huweza kutengenezwa mboji kama majani mengine.

Nianzeje bila kuhatarisha msimu mzima?

Chagua zao moja na matuta sita yanayofanana. Matatu yapewe mwani kwa njia uliyoichagua, matatu yabaki kama ulivyozoea, na yapangwe kwa kupishana ili upande wenye rutuba usiupendelee mmoja. Panda siku moja, mbegu moja, nafasi moja. Maua yanapoanza, ng'oa taratibu miche mitatu katika kila tuta, suuza mizizi kwenye ndoo, hesabu vinundu na upasue vichache kwa ukucha uone rangi ya ndani. Wakati wa mavuno pima punje zilizokauka za kila tuta peke yake, uandike katika daftari pamoja na siku ulizonyunyiza na siku mvua ilizonyesha, na urudie msimu unaofuata kabla ya kupeleka mwani shamba zima.